Kirikuu ya 4WD Iliyotumika: Mambo ya Kukagua Kabla Hujatoa Hela ya Mavuno

Mavuno yakishauzwa, maswali ninayopata hubadilika. Ya mbegu na dawa hupungua, linakuja swali la gari: "Afisa, nimepata kirikuu ya fo-wili, bei nzuri, mwenyewe ana haraka. Nichukue?" Leo nataka nilijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu hela inayozungumzwa hapo mara nyingi ni ya mbegu, mbolea na vibarua vya msimu mzima unaokuja. Ukikosea mbegu unapoteza msimu mmoja. Ukikosea gari linaweza kula misimu mitatu, na bado likabaki limeegeshwa nyuma ya nyumba juu ya mawe.

Nianze na jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yatakuwa rahisi: 4WD inakusaidia kupita kwenye tope. Haikuongezei uzito wa kubeba, wala haikuongezei breki. Vijana wengi wananunua kirikuu ya 4WD wakidhani wamenunua Hilux ndogo, kumbe ni gari dogo lenye miguu mizuri.

Tunazungumzia gari gani hasa?

Pikapu zimegawanyika makundi mawili. Kuna pikapu nzito kama Hilux, zenye chesisi ya chuma imara, difu kubwa na bei yake. Halafu kuna pikapu nyepesi zinazotumia injini na vifaa vya magari madogo ya kawaida. Wazo hili la pili ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Subaru walichukua gari la kawaida la familia, wakalifanya pikapu ndogo yenye uwezo wa kuendesha matairi yote manne. Marekani iliitwa BRAT, Australia ikaitwa Brumby. Baadaye, modeli za 2003 hadi 2006, wakauza nyingine Marekani iitwayo Baja. Hizo huku kwetu huzioni, na sababu ni rahisi: magari mengi yaliyotumika tunayonunua yanatoka Japani, na hizo hazikuuzwa Japani.

Kilichotoka Japani kwa wingi ni hizi tunazoziita kirikuu: Suzuki Carry, na ndugu zake Daihatsu Hijet, Subaru Sambar na Honda Acty. Zote zimetengenezwa kwa sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Injini ya K6A iliyomo kwenye Carry nyingi ilifungwa pia kwenye Suzuki Alto na Wagon R, magari ya watu kwenda kazini na sokoni. Kwa hiyo chini ya bodi ile ya kazi kuna moyo wa gari dogo. Hilo sio baya, ila lazima ulijue kabla hujaanza kupanga magunia.

Kilo 350 ni mzigo kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanajidanganya, kwa sababu bodi ya kirikuu ina nafasi. Ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa karibu mita 1.4, ukiitazama unaona magunia kumi yanakaa. Nafasi ipo ndiyo, uwezo haupo. Tupige hesabu:

- Mifuko ya mbolea ya kilo 50: mifuko 7 tu.
- Viazi vya kilo 100 kwa gunia: magunia 3, na nafasi ya nusu gunia. Lumbesa usiitaje kabisa.
- Kreti ya nyanya, tuseme kilo 25 ikijaa: kreti 14. Pima kreti yako mwenyewe, usikisie.
- Maji ya kumwagilia au kupulizia: lita moja ni kilo moja. Tenki la lita 500 likijaa umeshazidisha kilo 150, bado hujahesabu tenki lenyewe.
- Vibarua wanne wanaokaa nyuma: hao peke yao ni kilo 250 na zaidi. Tena kuwabeba juu ya mzigo ni hatari na trafiki hatakuacha.

Najua utaniambia, "Afisa, mbona fulani anabeba kilo 700 kila siku?" Ni kweli anabeba. Ameongeza springi nyuma, gari limenyanyuka, linaonekana liko sawa. Lakini springi haibadilishi beringi za magurudumu, difu, klachi wala breki, na hivyo vyote vilitengenezwa kwa kilo 350. Gari lenyewe lina uzito wa takribani kilo 700 hadi 800. Ukipakia kilo 700 umelibebesha uzito wake mwenyewe mgongoni.

Hivyo, unapokwenda kuangalia kirikuu iliyotumika, hesabu majani ya springi za nyuma na ulinganishe na kirikuu nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijaguswa. Ukikuta majani yameongezwa, gari limekuambia lenyewe maisha liliyoishi. Sio lazima uliache, lakini kagua kila kitu kwa jicho kali zaidi na bei ishuke.

4WD inafanya nini, na haifanyi nini

Kirikuu ya kawaida inasukumwa na matairi ya nyuma. Ikiwa na mzigo, uzito unakandamiza matairi hayo na gari linapanda vizuri. Ikiwa tupu, nyuma inakuwa nyepesi, matairi yanazunguka bure kwenye tope. Ndiyo maana utaona gari limeshusha mboga salama, halafu linakwama wakati wa kurudi. 4WD inapeleka nguvu na mbele pia, na kwa njia zetu za mashambani, udongo ule mwekundu ukilowa masika, tofauti unaiona siku ya kwanza.

Lakini kwenye kushuka, mambo ni mengine. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe 4WD au lisiwe. Ukitoka Lushoto kushuka Mombo na mzigo uliozidi, kona juu ya kona, kinachokulinda ni breki, gia ndogo na mzigo halali. 4WD ikikusaidia kupanda mlima na kilo 600, haitakusaidia kushuka nao.

Kuna aina mbili za 4WD utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ile unayoiingiza mwenyewe kwa swichi au mkono wa gia. Hii ndiyo ya Carry nyingi. Ni imara, lakini usiitumie kwenye lami kavu, kwa sababu mbele na nyuma zinafungwa pamoja na gari likikata kona vyuma vinavutana. Ya pili inajiingiza yenyewe matairi ya nyuma yakianza kuteleza. Honda Acty ya 4WD iko hivyo. Ni rahisi kwa dereva, lakini kile kifaa cha katikati kinachopeleka nguvu mbele kikichoka, unabaki na gari la matairi mawili bila taarifa yoyote.

Kama unachagua, uliza pia kuhusu matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima. Wajapani nao wana mashamba yenye tope la mpunga. Honda Acty ya toleo la Attack ilikuja na gia ya taratibu sana ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Subaru Sambar nyingi za 4WD zina gia ya ziada chini ya namba moja. Baadhi ya Carry na Hijet zilikuja na kufuli ya difu ya nyuma. Kwa mkulima wa milimani, gia hiyo ya chini inaokoa klachi kuliko kitu kingine chochote.

Kukagua: lala chini ya gari

Kijana mmoja wa huku milimani, mkulima mzuri wa nyanya, alinunua kirikuu ya 4WD kwa mtu. Swichi ipo, taa ya 4WD kwenye dashibodi inawaka, maandishi ya 4WD yapo mlangoni. Mvua ya kwanza kubwa, akiwa na kreti zake, gari likakwama kwenye kilima cha kawaida kabisa. Fundi alipoingia chini akakuta propela ya mbele haipo. Mwenye gari wa zamani aliitoa ili apunguze mafuta, au iliharibika akaona gharama ya kuirudisha ni kubwa. Taa iliendelea kuwaka kwa sababu taa inasoma swichi, haisomi propela. Nyanya zilifika sokoni kesho yake zimelainika, akauza kwa bei ya wenye magenge. Gari alilipia bei ya 4WD.

Kwa hiyo usiamini taa. Vaa nguo za kazi, beba tochi, nenda na fundi wako (sio fundi wa muuzaji), mkague haya:

1. Propela. Fuata chuma kutoka kwenye giaboksi hadi difu ya nyuma, kisha hadi difu ya mbele. Vyote viwepo, visiwe na mchezo ukivitikisa kwa mkono.

2. Ekseli za mbele. Angalia raba zinazofunika maungio. Zikiwa zimechanika, tope limeshaingia na ekseli itaanza kugonga ukikata kona.

3. Kutu. Hili ni muhimu kwa 4WD kuliko gari lingine. Kule Japani wanaonunua sana 4WD ni watu wa maeneo ya theluji, na barabara zao hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi inakula chuma. Gonga chesisi na sehemu za kushikia springi kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu au vipande vikidondoka, ondoka. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nayo itilie shaka, uliza inaficha nini.

4. Mfumo wa maji. Injini ya kirikuu nyingi ipo chini ya viti au nyuma, wakati rejeta ipo mbele. Mabomba ya maji ni marefu na yanapita chini. Angalia kutu na viraka. Injini ikiwa ya baridi fungua rejeta: ukikuta maji yana mafuta au rangi ya maziwa, usiendelee na mazungumzo.

5. Injini. K6A ya Suzuki inatumia mnyororo wa ndani. Isikilize asubuhi kabla haijawashwa na mtu mwingine. Ikikwaruza kama debe la misumari kwa muda mrefu, mnyororo umechoka. Sambar ya zamani yenye injini ya Subaru inatumia mkanda, na Subaru waliacha kuitengeneza wenyewe mwaka 2012, kwa hiyo hakuna iliyo changa. Uliza mkanda ulibadilishwa lini. Kama hakuna jibu, weka gharama hiyo kwenye bei.

6. Matairi. Yote manne yawe ya ukubwa mmoja na yamechakaa kwa kulingana. Kwenye 4WD, tairi mbili ndogo na mbili kubwa zinaua vyuma vya ndani taratibu. Nyingi zinavaa 145R12, na tairi ziwe za mizigo, sio za gari la kutembelea.

Jaribio la barabarani

Usikubali kujaribu gari kwenye lami tu. Omba mpite njia ya udongo au mchanga. Ingiza 4WD, mwambie mwenzako asimame pembeni kwa usalama, ondoka kwa nguvu kidogo kwenye sehemu inayoteleza. Aangalie: matairi ya mbele yanavuta au yanaburutwa?

Kwa zile za kuingiza mwenyewe kuna kipimo kingine. Ukiwa kwenye udongo mgumu, 4WD ikiwa ndani, kata usukani wote na utembee polepole mita tatu au nne. Gari lazima lijisikie zito, kama linajikaza. Likizunguka kwa wepesi uleule wa mwanzo, mbele hakuna kinachofanya kazi. Fanya mara moja tu, kisha toa 4WD.

Halafu tafuta kilima. Simama katikati, ondoka kwa gia ya kwanza. Klachi ikiteleza injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Baada ya nusu saa ya kuendesha, angalia kipimo cha joto. Mwisho, jaribu breki ukiwa unashuka. Gari likivuta upande mmoja, kuna kazi ya kufanya hapo.

Karatasi ni sehemu ya gari

Herufi ya namba isikuchanganye. "Namba D" au "namba E" inakuambia gari lilisajiliwa hapa nchini kipindi gani, haikuambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi.

Kabla ya kulipa, angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa Polisi wa mtandaoni na madeni ya maegesho ya TARURA. Hakikisha jina la anayeuza ndilo lililo kwenye kadi, andikeni mkataba, kisha kamilisheni uhamisho wa umiliki TRA. Maneno ya "tutabadilisha jina baadaye" yamewaletea watu kesi. Kama unaagiza Japani, tumia kikokotoo cha ushuru kwenye tovuti ya TRA kabla hujalipia gari, na omba karatasi ya mnada. Ukiona alama ya R kwenye daraja, gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali.

Na kama unapanga kubeba mizigo ya majirani kwa malipo, pita ofisi ya LATRA ya mkoa uulize leseni, na mwambie wakala wa bima ukweli kuhusu kazi ya gari. Bima iliyokatwa kwa matumizi mengine inaweza kukukataa siku ya ajali.

Je, linalipa?

Sasa tuje kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme unakodi usafiri kwa sh 50,000 kwa safari, safari 6 kwa mwezi: sh 300,000. Gari lako likitumia mafuta ya sh 15,000 kwa safari ni sh 90,000, akiba ya matengenezo sh 60,000, bima sh 10,000. Jumla sh 160,000. Umeokoa sh 140,000 kwa mwezi. Kama gari ni sh milioni 9, itakuchukua zaidi ya miaka 5 kurudisha hela. Kwa kukodi ulikuwa unalima kwa mtaji wako wote. Sasa milioni 9 zimelala kwenye chuma.

Ukiwa na safari 16 kwa mwezi picha inageuka. Kukodi kungekugharimu sh 800,000. Gari lako: mafuta sh 240,000, matengenezo sh 100,000, bima sh 10,000, jumla sh 350,000. Unaokoa sh 450,000 na gari linajilipa kwa miezi 20. Ni gari lilelile. Kilichobadilika ni kazi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta gari, chukua daftari uandike safari zako za miezi 3: tarehe, mzigo kwa kilo, umbali, na kama njia ilikuwa na tope. Daftari hilo litakuambia mambo matatu. Kama mizigo yako mingi inazidi kilo 500, kirikuu sio gari lako; kodi Canter au tafuta pikapu nzito. Kama tope unalikuta wiki chache tu kwa mwaka, kirikuu ya matairi mawili yenye tairi nzuri za kashata inaweza kutosha na bei yake ni ndogo. Na kama safari ni chache, ungana na wenzako wawili au watatu mnunue moja, mkiandikishana mapema nani analipa nini likiharibika.

Ukishanunua

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, hata kama umeambiwa zimebadilishwa juzi. Kila mwezi, hata kiangazi, ingiza 4WD utembee kidogo kwenye njia ya udongo ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele. 4WD inayokaa miezi minane bila kuguswa ndiyo inayogoma siku ya mvua. Na andika kwa rangi kubwa ndani ya bodi: KILO 350. Aliyekuja kupakia asikubishie.

Gari zuri kwa mkulima ni lile linalofikisha mazao sokoni yakiwa bado na bei, na likarudi nyumbani siku hiyohiyo. Likague kama unavyokagua mbegu kabla ya kupanda, na muuzaji akiwa na haraka kuliko wewe, mwache aende nalo. Kirikuu zipo nyingi, mtaji wako ni mmoja.